Karatasi ya Upasuaji

Tangu basi liondoke Ikungi, Bwana Antipasi alikuwa ametega sikio kwenye kiti cha mbele yake, japokuwa bwenini alikosomea walichapwa kwa kusikiliza yasiyowahusu. Mama Febronia, mchuuzi wa mitumba, alikuwa akimbana nesi kijana aliyeketi naye.

“Kutoa mimba ni kuua. Anayeua afungwe, hata awe daktari!”

“Mama yangu, mimba ikihatarisha uhai wa mama, sheria inamruhusu daktari kuitoa. Au ulitaka tuzike wawili?”

“Nilitaka muombe!”

“Tunaomba, huku tukichemsha vyombo vya upasuaji.”

Bwana Antipasi hakucheka. Juma lililopita mkewe, Magreth, alivuja damu nyingi akiwa na mimba ya miezi minne, naye ndiye aliyetia saini karatasi ya upasuaji ili daktari aitoe. Tangu hapo alikuwa akiwasubiri polisi, na hakumwambia mtu. Akainama mbele.

“Samahani, nesi. Na mume aliyetia saini?”

“Shikamoo, baba. Huyo kamwokoa mkewe. Hana kesi.”

“Kwa serikali!” akadakia Mama Febronia. “Kwa Mungu je?”

“Kwani Mungu kakupa wewe uhakimu?”

Basi likasimama Mandewa, wao wakiendelea kurushiana maneno. Bwana Antipasi akashuka. La Mungu alijua atalibeba mwenyewe katika sala. La polisi lilikuwa limekwisha. Akaongeza mwendo kuelekea nyumbani, kwa kuwa Magreth naye alikuwa akishtuka kila mlango ulipobishwa.