Aniceti na Wimbo wa Msiba

Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa haujatimiza miaka miwili, na Jumatatu ile benchi la kahawa la Mustapha, kwenye barabara ya Bonga, lilikuwa na jambo moja tu. Jumamosi, kwenye harusi ya Noela, binti wa mzee Elimringi, Aniceti mpuliza saksafoni alikuwa anapiga dansi vizuri kabisa. Katikati akachomeka wimbo wa kanisani, ule ule tulioimba mwaka jana tukimzika mama wa bibi harusi. Mzee Elimringi akainuka, akatoka nje. Kiongozi wa bendi akamfukuza Aniceti palepale.

— Alikosea, — alisema Mudy, fundi redio, tunayemwita Waya. — Vidole viliteleza.

— Viteleze ubeti mzima? — nikamuuliza. — Halafu akarudi kwenye dansi bila kupoteza mapigo?

— Basi alikuwa kalewa.

Severine, karani wa ofisi mpya za serikali, tunayemwita Mkoa, akaweka kikombe chini.

— Katumwa yule. Kuna mtu alimtaka Noela akamkosa.

— Nani?

— Hilo bado tunalifanyia kazi.

Mustapha akatumiminia nyingine.

— Mimi nasema saksafoni ile ilikuwa ya marehemu fulani. Inapiga inachotaka yenyewe.

— Hapo umesema! — Waya akadakia. — Hata redio ya marehemu hushika stesheni zake. Nimezifungua redio kama hizo, najua.

Ndipo Noela akafika, nywele bado zimesukwa kibibi harusi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, — Mustapha akaitikia. — Pole kwa yaliyotokea.

— Pole ya nini? Ule wimbo mama aliuimba kila siku akiosha vyombo. Ndiyo maana tulimzika nao. Baba alienda nyuma ya ukumbi akalia, mara ya kwanza tangu msiba. Akarudi, akacheza na mimi mpaka mwisho. Hamkuona?

Hatukuona. Tulikuwa getini, tunamzomea Aniceti.

— Baba anataka kumshukuru, — Noela akasema. — Anakaa wapi?

Waya akamtazama Mkoa. Mkoa akamtazama Mustapha. Miaka yote tumecheza muziki wake, na asubuhi nzima tumemjadili.

— Si kule kijijini Mutuka? — Mustapha akajaribu.

— Mnaniuliza mimi?

Waya akaiacha kahawa yake nusu, akavuta baiskeli.

— Naanzia stendi, — akasema. — Mtu aliyefukuzwa kazi anaweza kuwa anapanda basi sasa hivi.

Tukainuka wote, tukamfuata kwa miguu.