Flora ya Mzee Théodore

Sogeeni, jamani, nanyi mliobaki kwenye ngazi ingieni, zimeni simu tunyamaze, tusikilize wasifu wa Théodore wetu, maana leo saa hazitungoji.

Marehemu alizaliwa Uvira tarehe 9 Agosti 1966, akasoma kilimo Bukavu hadi 1986, akatunza vitalu vya miche huko Kivu, kisha tarehe 12 Juni 1993 akafunga ndoa na Thérèse, wakajaliwa Parfait mwaka 1995, na Jocelyne, aliyezaliwa hapa Johannesburg mwaka 2003, ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kizulu.

Mwaka 2004 alianza kuuza miche kwenye mikebe pale Joubert Park, akatundika kibao chenye neno moja, FLORA, na Mkongo msoma Kifaransa akasimama, mama wa Msumbiji na Kireno chake akasimama, wa Kiingereza naye akasimama, kila mmoja akiona ameitwa kwa lugha ya shuleni kwake. Ni jirani yetu Seif wa Tanga tu aliyemtania, “Mzee, huyo Flora ndiye mke mdogo?” naye akamjibu, “Ni mimea yote ya dunia, Seif, pamoja na hayo majani ya mirungi yaliyokujaa shavuni.”

Miche hiyo aliikuzia juu ya paa la jengo hili la Berea, hadi mwenye jengo mpya alipotaka paa liwe tupu. Jumanne tarehe 3 Juni 2025 walinzi walipanda na magunia, wakamkuta marehemu, kifua kikimbana tangu Februari, ameketi kwenye ngazi ya mwisho ameziba njia. “Eish, mkhulu, inuka, sisi tumetumwa tu.” Hakuinuka, anahema, jasho linamtoka, mpaka walipokubali kurudi Jumamosi, ndipo akakubali kubebwa hospitali, akafariki Alhamisi alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa kila ghorofa, na wachuuzi wenzake waliofunga meza zao leo. Pumzika kwa amani, Théodore, kumwagilia tuachie sisi.

Kibao amerithi Thérèse, mkasi ni wa Parfait, meza ya Joubert Park ni ya Jocelyne, na Seif ameachiwa mkebe wa ngai-ngai, yale majani machachu ya kwetu Kongo, marehemu alisema naye atafune mboga. Mikebe mingine yote ni yenu. Leo ndiyo Jumamosi, walinzi wanarudi saa tisa, basi tukisema amina pandeni juu, na asishuke mtu mikono mitupu.