Meza Itakayozikwa Pamoja Nami

Sogeeni karibu, wanangu. Zalmen, kaa upande huu wa sikio linalosikia, nawe Mirl acha kulia kwanza, machozi utayahitaji baadaye, na mimi sina pumzi ya kurudia neno mara mbili.

Asubuhi hii, mkidhani nimelala, nilimsikia Velvl seremala akiingia jikoni kupima meza yetu, nikamsikia akimwambia mgeni wetu wa Ijumaa hii, aliyekuwa akinywa chai, "Mzee, hebu inua hicho kikombe kidogo, napima jeneza la mama mwenye nyumba." Mgeni akainua kikombe, akaendelea kunywa. Sikukasirika, najua mnanitakia heshima. Kwetu mtu aliyelisha maskini maisha yake yote hutengenezewa jeneza kwa mbao za meza aliyowalishia, ili meza ikamtolee ushahidi mbele za Mungu, na mji mzima umeshaanza kusema kwamba Frume, mjane wa Hirsh, anastahili. Lakini nataka mjue ni kitu gani mnakizika.

Meza hiyo ya mwaloni baba yenu aliinunua kabla hatujawa na kitanda, mama yangu akasema nimeolewa na kichaa. Kila Ijumaa jioni alirudi kutoka sinagogi na mtu ambaye hakuna mwingine aliyemtaka, anayenuka, anayekohoa, na hata yule aliyetuibia kijiko akarudi tena wiki iliyofuata, na sheria ya nyumba ilikuwa kwamba mtu haulizwi jina kabla hajashiba, kwa sababu aliyelazimishwa kujieleza hula kwa aibu. Zalmen, unamkumbuka yule kipofu aliyekula kwetu, kisha akapapasa ukuta mpaka kwenye kopo la sadaka na kutumbukiza senti yake? Ulicheka, ukasema, "Baba, si huyu ndiye tunayempa sisi? Sasa na yeye anampa nani?" Baba yako hakukupiga. Alikuweka magotini akakuambia kwamba maskini naye ameamriwa kutoa, kwamba mkate aliokula haukuwa wetu bali wake, umepitia tu mikononi mwetu, na kwamba asingekuja Ijumaa ile basi sisi ndio tungelala njaa, njaa ambayo supu haiiondoi. Hukuelewa. Hata mimi nilichelewa kuelewa, maana ni mimi niliyekuwa naongeza maji kwenye hiyo supu.

Baba yenu alipofariki watu walitaka kuikata meza, nikakataa, nikamzika kwa mbao za kununua, maana siku ile ile kulikuwa na watu mlangoni wanaoingoja. Nilijua siku moja nitamwachia mmoja wenu. Jana niliwauliza. Wewe Mirl ukaniambia, "Mama, chumba chetu mjini ni kimoja, hiyo meza ikiingia inabidi mume wangu Anshl atoke," nikacheka mpaka kikohozi kikanishika, halafu ukageukia dirishani. Na wewe Zalmen ukasema, "Mama, nina tiketi ya meli mkononi, unataka niibebe mgongoni?" Siwalaumu. Nikawaomba muwaulize majirani. Wa kushoto wameshaondoka, wa kulia ameichanja meza yake kuwa kuni, na sinagogi lina meza nyingi kuliko watu.

Basi ikateni. Sitawadanganya kwamba nina furaha, wala msimruhusu mtu aseme makaburini kwamba Frume ameondoka ameridhika. Meza ya marehemu huzikwa mahali ambapo nyumba ya pili ina meza nyingine, lakini hapa mnazika ya mwisho, na mtu atakayeshuka stesheni Ijumaa moja na njaa yake atagonga mlango uliopigiliwa misumari. Nimemwomba Mungu anionyeshe nani atamfungulia. Hajanijibu, na sidhani atanijibu.

Nyumba uzeni mkipata mnunuzi, mgawane bila kugombana. Vinara vya Sabato ni vya Mirl, hata kama atavifungia sandukuni. Godoro la manyoya mpelekeeni yule yatima anayeolewa, Gitl, liacheni kizingitini pake na msibishe hodi, asije akajua wa kumshukuru. Shali yangu ya sufu ni ya shangazi yenu Shifre, ndiyo, huyo huyo aliyeiita nyumba hii banda la ombaomba mbele ya wanawake wote wa mji. Sijamsamehe, nimejaribu nimeshindwa, lakini ni mzee na nyumba yake inapitisha upepo. Mkitoka na jeneza, wanaotikisa kopo la sadaka nyuma yenu msiwapite bila kutia kitu.

Nipe maji, Mirl. Kidogo tu. Hivyo.

Zalmen, wewe husali tena, najua, nilishaacha kukupigia kelele. Sikuombi usali. Huko uendako, hata kama una kiti kimoja, siku moja simama ili mwingine akae. Usimwulize jina. Ukikataa hilo, basi meza ile itakwenda kushuhudia mema ya baba yako tu, na ushahidi wa watoto wangu sijui nitautoa wapi. Ninaogopa hilo kuliko ninavyoogopa kufa.

Leteni vichwa vyenu. Kawaida nawabariki Ijumaa jioni baada ya kuwasha mishumaa, lakini leo sitaifikia mishumaa. Inama, Zalmen, umekuwa mrefu mno. Mungu awabariki na kuwalinda. Awaangazie uso wake, kama bado anautazama mji huu. Awape... awape mtu wa kumpa.

Mikono yangu i baridi. Iacheni papo hapo, juu ya nywele zenu.

Na Velvl... Nimemsikia akiwaambia kwamba akianza sasa atamaliza kabla Sabato haijaingia jioni hii, ili nikifa nisichelewe kuzikwa, maana siku ya Sabato hatuziki. Mwambieni asiikate meza leo, mimi nitangoja kuzikwa. Nitangoja hadi Sabato itoke, sina safari nyingine. Usiku huu tandikeni kitambaa cheupe, mkate, samaki, kila kitu, na yule mgeni mzee akae upande wa Hirsh.

Hicho ni nini? Nasikia jikoni... ni msumeno huo? Nenda, Mirl. Nenda umwambie aache. Mgeni bado hajala.