Celestini Nzeyimana na Mkono wa Chuma

Baba Paroko, wazee wetu, shemeji yangu Dafroza, watoto wa marehemu, na ninyi nyote mliotoka Kirushya, Runazi na kambi ya wakimbizi kuja kukaa nasi hapa Mbuba, wakubwa shikamooni, na sote poleni. Mimi ni Anold, mdogo wa marehemu, na ukoo umenipa karatasi hii niisome kwa sababu, wanasema, nimetembea nchi nyingi na sauti yangu imezoea kushindana na malori, lakini humu kuna mstari mmoja wa uongo kuhusu mguu wa marehemu, nami nitausahihisha tukiufikia.

Marehemu Celestini Nzeyimana alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Mbuba, wilaya ya Ngara, mtoto wa kwanza kati ya saba, mimi nikiwa wa mwisho kwa kuzaliwa na, kama mama alivyopenda kusema, wa mwisho kwa kila kitu. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1960 hadi 1967, akaenda Mwanza kujifunza ufundi wa magari, na mwaka 1971 akaajiriwa na kampuni ya ujenzi wa barabara, akitengeneza matipa kati ya Ngara na Biharamulo mpaka alipopunguzwa kazini mwaka 1991, akarudi nyumbani akivuta trekta bovu ambalo kampuni ilikuwa imelitupa, akalifufua kwa miezi minane.

Tarehe 22 Julai 1978 alifunga ndoa takatifu na Dafroza, binti wa Kirushya, wakajaliwa watoto wanne, Deodata, Gozbert, Tecla na Derick, na wajukuu watano, ambao wote aliwafundisha kushika spana kabla ya kijiko.

Ilipofika miaka ya wakimbizi, sote tunakumbuka vilima vilivyonyolewa, maana mamia ya maelfu ya watu hawapiki maharage kwa jua, na wenyeji nasi tulikata bila kusubiri kukaribishwa. Marehemu hakugombana na mtu, alisema tu kwamba mti ukikatwa mkono huota mwingine, ukikatwa shingo umekwisha, na mwaka 1998 akaanza kuunda msumeno wa kukatia matawi ya juu, unaobebwa na trekta, ili watu wapate kuni na mti ubaki umesimama. Jeki aliitoa kwenye tipa lililopinduka, pampu kwenye tingatinga lililokufa, msumeno wa duara kwa mpasua mbao wa Runazi, na mkono wenyewe wa chuma, mrefu kuliko paa la nyumba yake, ulichomelewa na Niyonsaba, mkimbizi kutoka Muyinga, ng'ambo ya mpaka, fundi ambaye kibali chake cha kutoka kambini kilikuwa neno la marehemu tu.

Ule mkono ulipandishwa na kushushwa kwa mipira miwili ya kupitisha mafuta ya jeki, iliyofanana kama mapacha, kwa hiyo ule wa kupandisha marehemu aliufunga kamba ya mgomba, ili usichanganywe na mwenzake.

Hapa karatasi inasema mguu wa marehemu ulivunjwa na tawi, na huo ndio uongo wenyewe. Jumamosi tarehe 19 Septemba 1998 walikuwa wanakuja wageni wa shirika la kuhudumia wakimbizi kuiona mashine, na mimi, niliyekuwa nimerudi juzi yake kutoka Lusaka na miwani ya jua na ushauri mwingi, niliamka alfajiri kuiosha kwa mafuta ya taa, nikafungua ile mipira, nikaona kamba ya mgomba ni uchafu wa kijijini, nikaikata, nikaitupa motoni, nikarudisha mipira kwa kukisia. Sikumwambia mtu, nilisimama pembeni nikingoja sifa.

Wageni walipofika, marehemu aliinama kutoa gogo lililoushikilia mkono, akamwambia Niyonsaba, "Pandisha," Niyonsaba akavuta liva ya kupandishia, na mkono ukashuka. Ashukuriwe Mungu msumeno ulikuwa haujawashwa, ila mguu wa kulia ulivunjika mara mbili chini ya goti.

Askari walipofika hospitali kuuliza, marehemu alikuwa ameshaniita kitandani, akaniuliza kwa upole, "Anold, ile kamba yangu uliipeleka wapi?" Nikamwambia ukweli, akasema, "Basi, ni tawi." Askari wakaandika tawi, maana angetajwa Niyonsaba angerudishwa mpakani siku hiyohiyo, na angetajwa mdogo wake, yaani mimi, mama yetu aliyekuwa mgonjwa asingelimaliza juma. Lakini uani kwetu hapakuwa na mti wa kumvunja hata kuku, na mlijua, ndiyo maana kwa miaka tisa mmesema ni yule mkimbizi, nami nimewasikia kilabuni, nikaagiza nyingine na kunyamaza.

Mashine ilirekebishwa, ikafanya kazi hapa na Biharamulo hadi mwaka jana, na mivule ile mnayoiona njiani ni ushahidi wake. Niyonsaba alikuja kila Jumamosi kumchotea maji na kumpasulia kuni, na kila marehemu alipomwambia kosa si lake, aliona ni huruma tu.

Mwezi Juni mwaka huu marehemu alianza kusumbuliwa na figo, akalazwa mara tatu, na Jumatano tarehe 10 Oktoba 2007, saa kumi jioni, aliaga dunia, siku mbili baada ya kuniambia, "Ukisoma historia yangu, usiuruke mguu."

Ukoo unawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kukesha, mafundi wenzake waliochonga jeneza, na Baba Paroko. Shukrani ya mwisho ni yangu. Niyonsaba, najua lori la kurudi kwenu linaondoka Jumanne, na huwezi kuvuka mpaka ukiwa umebeba mzigo wangu. Simama, ndugu yangu, watu wakuone. Wewe ulivuta liva sawasawa. Aliyekosea ni mimi.

Kaka Celestini, mguu sikuuruka. Sasa pumzika kwa amani.