Kipanya Kisicho na Waya

Katika behewa la wanawake, metro ya Kairo, Nagwan alikuwa amepakata boksi lake la keki tamu ya basbusa, na binti wa kushoto kwake, Mirhan, alikuwa amelifanya meza. Nagwan hakuulizwa. Juu ya kifuniko, binti alipapasa kipanya kipya cha kompyuta, hakina waya wala kitufe, na picha kwenye kompyuta aliyoipakata zikapita mbio.

Mama wa kulia akashindwa kuvumilia. "Mwanangu, hicho kinafaa kununuliwa kweli? Kila siku nakizunguka dukani, moyo hautulii."

"Mama, ukishakigusa hutashika kingine!"

"Nasikia ukikichaji lazima ukilaze chali, kama mende."

"Si kinachaji wewe umelala? Hebu jaribu!"

Mama akakigusa. Picha zikaruka. "Yaa salaam! Kinateleza kama siagi!" Alicheka mpaka basbusa ikatikisika.

"Kimekupenda. Chukua, ni chako," alisema Mirhan, kama adabu inavyotaka.

"La, mwanangu, kibaki na mwenyewe," akajibu mama, kama adabu inavyotaka vilevile.

"Wallahi utakichukua!"

Nagwan akatabasamu. Kairo nzima hupeana mali hivyo, kisha kila mtu hurudi nyumbani na chake.

Treni ikasimama. "Haya, maadamu umeapa," alisema mama, akakibusu kipanya na kushuka nacho.

Mirhan akanyoosha mkono, kisha akaurudisha. Angemwitaje, na kiapo ni chake mwenyewe? Mapajani pake, picha zilikuwa bado zinapita, moja baada ya nyingine: huko jukwaani, mama alikuwa bado anakipapasa kipanya.