Gesi ya Bei Poa, Isipokuwa kwa Nasambu

Mildred: Haloo? Ni nani?

Nasambu: Mildred, sasa.

Mildred: Nani anaongea? Sikupati vizuri, network ya hapa—

Nasambu: Ni mimi. Nasambu.

Mildred: Ai! Mama Derrick. Hii namba ni ya nani?

Nasambu: Nimeazima. Na yangu nimekupigia mara sita, haushiki.

Mildred: Simu ilikuwa kwa bag. Uko poa?

Nasambu: Niko poa. Nikuulize kitu. Mkutano na Mburu wa gesi, si ulisema ni saa nane?

Mildred: Eeh, ilikuwa saa nane. Halafu ikabadilishwa.

Nasambu: Ikawa?

Mildred: Saa sita.

Nasambu: Na ulijua lini?

Mildred: Jana. [mkwaruzo] Haloo? Unanisikia?

Nasambu: Nakusikia sana. Jana jioni ulikuwa kwangu, Mildred. Ukakunywa chai mara mbili.

Mildred: Aki nilisahau kukuambia.

Nasambu: Wamama wangapi walikuja?

Mildred: Wote.

Nasambu: Wote thelathini na tisa?

Mildred: Hata Ndanu alikuja na mtoto yuko na homa. Ni wewe tu hukuwa.

Nasambu: Basi niambie. Mburu amekubali ama amekataa?

Mildred: Amekubali! Woi, ungeona! Mtungi wa kilo sita, shilingi mia mbili chini. Na lori yake inatuletea mpaka kwetu Soweto West, hakuna tena kubeba na mgongo. Wamama wameimba mpaka—

Nasambu: Mia mbili? Ile tu tuliomba?

Mildred: Ile ile. Hakubishana hata.

Nasambu: Mungu wangu. [anacheka, anakohoa] Miezi miwili bila kununua gesi yake! Miezi miwili ya makaa, watu wakiniita wazimu, Ndanu akisema nitawaua wamama na moshi. Mildred, tumeshinda! Na mzani je? Amekubali tupime kila mtungi kabla ya kubeba?

Mildred: Hiyo hapana. Mzani hataki kuuona.

Nasambu: Lakini si hiyo ndiyo ilianza mambo yote? Si tulipima na mzani ya bucha mbele ya watu, gesi ya kilo sita ikatoka kilo tano? Akishusha bei na apunguze gesi, amewapa nini?

Mildred: Tunajua.

Nasambu: Mnajua?

Mildred: Kila mtu anajua. Hakuna mtu aliuliza. Watu wamechoka, Mama Derrick.

Nasambu: Sawa. Hiyo nitaongea na yeye mwenyewe. Mmeandika jina langu? Mildred? Haloo?

Mildred: Niko.

Nasambu: Jina langu mmeandika?

Mildred: Alikuwa na sharti moja.

Nasambu: Gani?

Mildred: Ati wewe usikuwe.

Nasambu: Nisikuwe wapi?

Mildred: Kwa list. Alisema ulimwaibisha mbele ya wateja na huo mzani wako. Atatupatia yote tuliomba, lakini wewe usiguse gesi yake. Si kwa depo, si kwa kiosk. Na mama yeyote akikuuzia, ama akuchukulie na jina lake, bei inarudi juu kwa sisi wote.

Nasambu: Lakini kiosk zote za Soweto West zinachukua kwake.

Mildred: Najua.

Nasambu: Na makaa landlodi amenikataza kwa ploti tangu Ijumaa. Ulikuwepo akinitusi.

Mildred: Nilikuwepo.

Nasambu: Kwa hivyo mlifanya nini? Si mlisimama mkatoka?

Mildred: Tulipiga kura.

Nasambu: Kura!

Mildred: Ya kuinua mkono tu.

Nasambu: Nani alikataa?

Mildred: [mkwaruzo] Network inapotea—

Nasambu: Network iko sawa. Nani alikataa?

Mildred: Hakuna.

Nasambu: Na wewe?

Mildred: Mimi ndiye nilikuwa nahesabu.

Nasambu: Sijauliza nani alihesabu.

Mildred: Niliinua, sawa? Ulitaka nikae peke yangu hapo kama mjinga? Na usifikirie hatukukukumbuka. Kabla ya kutia sahihi tulikuombea. Ndanu aliomba vizuri sana.

Nasambu: Mliniombea.

Mildred: Eeh. Mungu akufungulie mlango mwingine.

Nasambu: Kesho niko na oda ya chapati mia mbili za ile shule ya Ayany. Nitapika na nini?

Mildred: Hiyo usijali.

Nasambu: Nisijali aje?

Mildred: Niliwapigia. Nikamwambia madam uko mgonjwa, kifua, moshi imekumaliza. So nitapeleka mimi.

Nasambu: Uliwapigia saa ngapi?

Mildred: Asubuhi.

Nasambu: Kabla ya kura?

Mildred: Kabla kidogo.

Nasambu: Mildred, hata kukanda huo unga ni mimi nilikufundisha.

Mildred: Ndiyo maana. Watoto hawatajua tofauti.

Nasambu: Geuka.

Mildred: Nini?

Nasambu: Niko kwa geti ya Mburu, hapa Kawangware. Nilikuja ya saa nane, soja akanizuia. Hii simu ni ya mama anachoma mahindi. Nakuona hapo kando ya lori. Geuka.

Mildred: Rudi nyumbani, Mama Derrick. Tafadhali. Wakikuona hapa—

Nasambu: Nimekupungia. Umeniona.

Mildred: Shusha mkono.

Nasambu: Kuja uniambie uso kwa uso.

Mildred: Shusha! Mburu anakuja upande huu.

Nasambu: Basi mtungi mmoja tu. Wa kesho. Niuzie na bei ya zamani, hata juu ya zamani, sitaambia mtu. Nakuomba. Unataka nipige magoti hapa barabarani? Nitapiga—

Mildred: [mbali na simu] Nani? Hakuna mtu, bosi. Ni madam wa shule, anauliza chapati zake. [kwa simu] Ndiyo, madam!

Nasambu: Mildred.

Mildred: Mia mbili, nimeandika. Zitafika moto kabla ya kengele ya lunch.

Nasambu: Unaniangalia. Mildred, unaniangalia machoni.

Mildred: Yule mwingine? Aki pole, madam. Yule hatapona karibuni.

Nasambu: Mildred, watoto wangu—

Mildred: Na hata za wiki ijayo niachie mimi. Haya, wacha nikimbie, tunapigwa picha. Asante, madam. Bye. Bye bye.