Breki za Kitwana Ziko Ruvu

Ijumaa tarehe 13 Agosti 1954, baada ya sala ya alasiri, gari lililoandikishwa kwa mbio za Jumapili za kupanda kilima cha Pugu lilikuwa juu ya magogo Kisarawe, halina breki za nyuma. Mwenye gari, Bwana Remtula wa duka la nguo, alikuwa amevunjika mkono, na klabu ya Dar es Salaam ikakubali fundi wake, Kitwana, aendeshe badala yake. Sharti lilikuwa moja: breki za magurudumu yote manne zikaguliwe, zishike. Kitwana hakuwahi kushindana. Saa hiyo alikuwa kwenye benchi la kahawa la Mzee Mwinyijuma, kando ya barabara ya bomani, amebanwa na wateja wawili wa kila siku: Meja, aliyetoka vita vya Burma akiwa koplo, na Gavana, aliyepata kuwa tarishi wa bomani.

Mzee Mwinyijuma: Haya, breki zimepatikana, hazikupatikana?

Kitwana: Zimepatikana, Mzee. Ndiyo maana nimeshika tama.

Gavana: Zimepatikana, halafu ameshika tama. Huyu jua limemwingia.

Kitwana: Sikilizeni basi. Gari la mwaka thelathini na moja, kiwandani wameshaacha kulitengeneza. Duka la vipuri Dar wakasema tuagize Ulaya, tungoje miezi minne. Nikasikia Marui kuna gari kama hilo, bovu, kuku wanatagia ndani. Nikaenda kwa baiskeli. Nikafungua breki za nyuma, vile vyuma vilivyopinda kama mundu, na mikanda yake mizima kabisa. Nikatia kwenye gunia, nikaficha uvunguni mwa kitanda.

Meja: Sasa?

Kitwana: Sasa wiki iliyopita ami yangu akafariki.

Mzee Mwinyijuma: Mungu amrehemu.

Kitwana: Amina. Watani wakaja mazikoni.

Benchi zima liliguna. Kisarawe kila mtu anajua haki ya Mnyamwezi kwenye maziko ya Mzaramo: atalala kaburini, atazuia jeneza, atabeba kitu cha mfiwa aende nacho kwake, na mwenye kitu haruhusiwi kukasirika mpaka akikomboe.

Kitwana: Adamu, yule wa gengi la reli Ruvu. Akamwacha jogoo, akaiacha kanzu yangu mpya, akaingia uvunguni akatoka na gunia. Eti, "Mzaramo akificha kitu hivi, roho yake imo humu humu."

Gavana: Mpeleke polisi.

Mzee Mwinyijuma: Mtani? Sajini mwenyewe Msukuma, mtani vilevile. Atakayelala ndani ni Kitwana.

Meja: Kwanza breki za nini, bwana? Mbio zenyewe za kupanda. Burma tulikata soli za buti, tukazipiga ribiti kwenye breki, lori la tani tatu likasimama.

Kitwana: Likasimama wapi?

Meja: Mtoni.

Gavana: Hilo halikusimama, Meja. Hilo lilizama. Wewe Kitwana tafuta mkanda wa mashine ya mkonge, ukate.

Kitwana: Nimejaribu juzi. Ulitoa moshi kabla sijafika sokoni.

Gavana: Basi funga gogo nyuma kwa mnyororo. Ukitaka kusimama, unalitupa chini.

Kitwana: Mkaguzi akiuliza breki za nyuma ziko wapi, nimwonyeshe gogo?

Gavana: Gogo la mkangazi. Usimwonyeshe la ovyo.

Meja aliweka kikombe chini. Alipofanya hivyo wenzake walijua anakuja na mpango wa kivita.

Meja: Njia ni moja tu. Yeye mtani wako, na wewe mtani wake. Yeye kachukua mazikoni kwako. Nawe kachukue mazikoni kwake.

Mzee Mwinyijuma: Nani kafa kwake?

Meja: Bado.

Gavana: Ana mama mkwe Tabora. Nasikia mgonjwa.

Mzee Mwinyijuma: Astaghfirullahi! We Gavana!

Gavana: Simwombei mabaya, Mzee. Nauliza tu anaumwa nini.

Kitwana: Mbio ni kesho kutwa, jamani.

Meja: Basi tusingoje afe mtu. Tupeleke habari tu. Adamu aambiwe mjomba wake amefariki, aweke matanga, na sisi tuingie na kilio chetu. Kitwana anatoka na gunia.

Gavana: Mimi nalala kaburini.

Mzee Mwinyijuma: Kaburi la nani?

Gavana: Hilo atachimba Meja. Burma alichimba mahandaki.

Meja: Nachimba. Nipeni sururu tu.

Mzee Mwinyijuma: Na huyo mjomba akishuka kwenye treni, mzima, amekuja kumsalimia mpwa wake?

Gavana: Itakuwa nafuu. Kaburi litakuwa tayari.

Hata Kitwana alicheka, akamwaga kahawa kwenye goti. Walikuwa wanagombana nani atangulie kulia wakati Mwanaasha, mke wa Kitwana, aliposimama ng'ambo ya mtaro. Hakuwa na desturi ya kufika kijiweni.

Mwanaasha: Shikamoo, Baba.

Mzee Mwinyijuma: Marahaba, mwanangu.

Mwanaasha: Baba Zena, maji ya kuoga yanapoa. Na hizo breki, ulimwuliza Adamu anataka nini azirudishe?

Kitwana alimtazama Meja. Meja alimtazama Gavana. Gavana alinyoosha kikombe kiongezwe. Mzee Mwinyijuma aliliinamisha dele la kahawa mpaka mdomo ukagusa kikombe, halikutoka hata tone.

Mwanaasha: Nauliza tu.

Jumamosi asubuhi Kitwana alipanda treni stesheni ya Pugu, akashuka Ruvu. Jioni alirudi na gunia, na nyuma yake alikuwepo Adamu. Usiku breki zilifungwa. Jumapili mkaguzi alizijaribu, akaliruhusu gari. Lilimaliza la tisa kati ya magari kumi na moja. Kanuni ziliruhusu fundi mmoja akae kando ya dereva. Kiti hicho alikikalia Adamu, na watazamaji wa kona ya kwanza na wa kona ya mwisho wote wanasema alikuwa akimtukana Kitwana.